Neno Moja Katika Daftari la Wazazi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, karani, katika mkutano wa Chama uliofanyika Mbinga. Inapigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama walio mbali, ambao hawakuweza kuhudhuria.)



 Nilipoambiwa kwamba zamu ya kusema ni yangu nilishikwa na hofu, na hofu ikazidi nilipochagua habari ya uzazi, maana mimi si mganga wala mkunga, ni karani tu. Lakini wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeona kwamba usemi huo si wa mali peke yake. Hata roho za watu, zisipoandikwa kwa kweli, hupotea bila habari. Basi nikajipa moyo, nikasema, habari ya daftari naijua, nitasema habari ya daftari.

Daftari ninalolitaja ni lile la chumba cha kuzalia, na katika daftari hilo nitashika neno moja tu. Neno lenyewe ni fupi, lina herufi tatu: mfu.

Miaka kadha iliyopita nilipewa kazi ya kunakili hesabu za uzazi za kituo kimoja, ambacho sitakitaja jina. Kazi ilikuwa nyepesi. Nilisoma mstari, nikaandika mstari: jina la mama, umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, hali ya mtoto. Palipoandikwa hai niliandika hai, palipoandikwa mfu niliandika mfu, na mwisho wa ukurasa nikajumlisha. Katika ukurasa mmoja nikakuta jina la dada yangu mdogo. Nilijua tangu zamani ya kuwa mtoto wake wa kwanza alizaliwa mfu. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyomzika. Nikanakili neno lile kama nilivyonakili mengine, nikaendelea.

Siku nyingi baadaye tulikuwa tumekaa uani, nikamwambia kwamba nimeliona jina lake daftarini. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Kaka, mwanangu alitweta. Mara moja tu. Nilimsikia."

Mabwana, simlaumu mtu. Aliyekuwa zamu usiku ule alikuwa peke yake, na dada yangu alikuwa akitoka damu nyingi. Yule mkunga alichagua kumwokoa mama, na mama yu hai hata leo. Lakini mtoto anayetweta si mfu. Neno lile halikuwa la kweli, na mimi ndiye niliyelinakili kwa mwandiko mzuri na kulijumlisha. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya jambo hili, na niliyoyaokota ndiyo ninayowaletea.

Kwanza tuelewe mtoto anavyoanza kupumua. Akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji, wala hayana kazi ya hewa. Hewa aipatayo hutoka katika damu ya mama, ikapita katika kondo la nyuma na kitovu. Anapozaliwa, mambo yote yapaswa kugeuka kwa muda mfupi sana: maji yatoke mapafuni, hewa iingie, na damu ishike njia mpya. Watoto walio wengi hufanya hivyo wenyewe, nasi twasikia kilio. Lakini kadiri ya mtoto mmoja katika kila 10 huhitaji msaada kidogo. Wengi wao wakikaushwa vema kwa nguo na kusuguliwa mgongo, huanza kupumua. Wachache huwa wamekosa hewa muda mrefu zaidi, labda kwa sababu uchungu ulikawia au kitovu kilibanwa. Hao hata wakisuguliwa hawaamki. Lazima hewa iingizwe mapafuni mwao kwa mfuko wa kupulizia wenye kifuniko cha mdomo na pua. Wanaohitaji zaidi ya hayo, dawa na mitambo ya hospitali kubwa, hawafiki mmoja katika kila 100.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndiyo shina la hotuba yangu. Mtoto asiyepumua, aliyelegea kama kitambaa, ambaye rangi yake imekuwa buluu au nyeupe, kwa macho ni maiti. Lakini moyo wake waweza kuwa bado unapiga, hata kwa dakika kadha. Mkunga akishika kitovu karibu na tumbo la mtoto, au akisikiliza kifuani, atayajua mapigo. Asiposhika wala kusikiliza, ataamini macho yake, na kalamu itaandika mfu.

Wataalamu hugawa watoto wafu mafungu mawili. La kwanza ni wale waliokufa tumboni siku nyingi kabla ya kuzaliwa, ambao ngozi yao imekwisha anza kumenyeka. Hao hapana awezaye kuwarudisha. La pili ni wale ambao ngozi yao ni nzima, waliokufa karibu sana na saa ya kuzaliwa. Katika fungu hilo la pili ndimo hujificha watoto ambao hawakuwa wafu hata kidogo.

Mtu aweza kusema, haya ni mambo ya mabara maskini. La hasha. Marekani, kabla ya katikati ya karne iliyopita, watoto waliozaliwa wamelegea na hawapumui aghalabu waliwekwa kando na kuandikwa wafu. Mwaka 1952 mwanamke mmoja, Daktari Virginia Apgar wa New York, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa usingizi kwa dawa, alitoa shauri jepesi: kila mtoto atazamwe dakika moja baada ya kuzaliwa, katika mambo matano, yaani mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya viungo, kushtuka akiguswa, na rangi ya mwili, kila jambo lipewe alama 0, 1 au 2, na jumla iandikwe. Mwaka 1953 shauri lake likapigwa chapa, na leo alama hizo huandikwa ulimwenguni kote. Alama yenyewe haimponyi mtoto. Lakini mtu akilazimika kuandika mapigo ya moyo, hulazimika kwanza kuyatafuta. Hiyo ndiyo nguvu ya safu iliyochorwa vizuri katika ukurasa.

Na kabla yake, Vienna, alikuwako Daktari Ignaz Semmelweis. Katika hospitali yao palikuwa na nyumba mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846, nyumba ya madaktari ilipoteza kwa homa ya uzazi zaidi ya mama 11 katika kila 100, na nyumba ya wakunga haikupoteza hata 3. Watu walisema ni hewa mbaya, wengine wakasema ni hofu ya wazazi wenyewe. Semmelweis alizishika hesabu, akakataa kuziacha. Ndipo alipotambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwashika wazazi. Mei 1847 akawaagiza wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Aprili mwaka ule vifo vilikuwa 18 katika kila 100. Ilipofika Julai vilikuwa vimeshuka karibu na 1. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha vijidudu. Alikuwa na daftari mbili zilizoandikwa sawasawa.

Sasa turudi nchini kwetu. Katika Mkoa wa Manyara iko hospitali ya Haydom, ya Kanisa la Kilutheri, iliyofunguliwa mwaka 1955. Hapo wakawekwa watu wa kusimama chumba cha kuzalia, usiku na mchana, saa mkononi, wakiandika kila mtoto alizaliwa dakika gani, alianza kupumua dakika gani, na kama alipewa hewa, alipewa baada ya muda gani. Mwaka 2012 Daktari Hege Ersdal na wenzake walitangaza waliyoyaona. Kwa watoto waliohitaji mfuko wa hewa, kila nusu dakika ya kukawia iliongeza hatari ya kifo kwa 16 katika kila 100. Ndiyo sababu wafundishao kazi hii huita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu. Mkunga akienda kutafuta ufunguo wa kabati ulipowekwa mfuko, dhahabu imekwisha.

Tangu mwaka 2009 mafunzo yaliyotungwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na wenzake, ya kuwasaidia watoto kupumua, yaliletwa katika hospitali 8 za Tanzania. Mafunzo ni mepesi: mkaushe mtoto, msugue, msafishe njia ya hewa ikiwa imeziba, na kama hapumui, mpe hewa kwa mfuko kabla dakika moja haijaisha. Wakunga walijizoeza kwa mtoto wa bandia anayejazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto kweli. Mwaka 2013 Daktari Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake walitoa hesabu. Kabla ya mafunzo, katika watoto 1,000 waliozaliwa hai, 13.4 walikufa katika saa 24 za kwanza. Baada yake walikuwa 7.1. Vifo vilipungua karibu nusu.

Lakini hesabu iliyonishtua mimi karani ni nyingine. Watoto walioandikwa wafu, wa lile fungu la pili lenye ngozi nzima, nao walipungua, kutoka 19.0 mpaka 14.4 katika kila 1,000. Mafunzo yale hayakugusa mimba, wala uchungu, wala upasuaji. Yalihusu mtoto aliyekwisha kutoka tumboni. Basi yawezekanaje mafunzo ya namna hiyo yapunguze wafu? Wenye utafiti wenyewe waliona kwamba yamkini baadhi ya wale waliokuwa wakiandikwa wafu zamani walikuwa hai, wakingojea mtu wa kuwapa hewa. Haifai nifiche kwamba utafiti ule ulilinganisha kabla na baada katika mahali pale pale, na mambo mengine pia huenda yalibadilika katika muda ule. Walakini, Mabwana, niliposoma tarakimu zile nilimkumbuka dada yangu uani.

Jambo jingine la Haydom litawahusu wote wanaopenda semina, nami nikiwa mmoja wao. Hapo mwanzo wakunga walifundishwa siku moja. Baada ya miezi kadha walipimwa. Mbele ya mtoto wa bandia walifanya vizuri kuliko zamani. Mbele ya mtoto wa kweli hapakuwa na mabadiliko. Cheti kilikuwapo, lakini mikono haikubadilika. Ndipo wakageuza utaratibu. Mtoto wa bandia akawekwa pale pale kazini, na wakunga wakajizoeza dakika chache tu kila juma, na zaidi kidogo mara moja kwa mwezi. Mwaka 2015 Mduma na wenzake walitangaza kwamba vifo vya saa 24 za kwanza katika hospitali ile vilishuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 katika kila 1,000. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijazwi kwa kumwaga debe zima siku moja na kuondoka.

Kazi ile ilikua. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Watoto waliozaliwa wafu pamoja na waliokufa siku ya kwanza walipungua kutoka 15.3 mpaka 12.5 katika kila 1,000, ingawa haikuwa sawa katika mikoa yote. Mmesikia majina ya mikoa hiyo. Ruvuma haikuwamo. Silisemi hili kwa wivu. Nalisema ili tusikae tukingoja mpaka gari la watafiti lishuke mlimani, maana yaliyovumbuliwa huko yamekwisha kuandikwa, nayo ni mali ya yeyote atakayeyasoma.

Tena tuitazame hesabu ya nchi nzima. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hesabu za namna hii ni makadirio, lakini tofauti ni kubwa, tena ni ya kumshukuru Mungu na wote waliojitaabisha. Katika muda ule ule wazazi waliojifungulia vituoni waliongezeka kutoka 63 mpaka 81 katika kila 100. Lakini watoto wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja? Walikuwa 25 katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2022 walikuwa 24. Mama amevuka mto, na mtoto bado yu ng'ambo. Na mtoto anayehesabiwa kuwa alizaliwa mfu hamo kabisa katika hao 24.

Kwetu je? Wote mnazijua njia zetu. Huku juu ni milima ya Umatengo, kule chini ni pwani ya Ziwa Nyasa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya yake yenyewe. Barabara ya lami sasa inashuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kadiri ya kilometa 66, na mwenye gari hushuka bila shida. Lakini mzazi hakai barabarani. Yuko kijiji cha ufukweni ambako upepo wa mwera ukivuma hapana mtumbwi uthubutuo kuingia majini, au yuko ng'ambo ya bonde ambako masika huifanya njia kuwa utelezi mtupu. Tunazo hospitali za kale za misheni, ya Litembo mlimani na ya Mtakatifu Anna huko Liuli ufukweni, nazo za Serikali, pamoja na vituo na zahanati. Lakini dakika ya dhahabu haingoji gari wala boti. Mtoto asiyepumua atasaidiwa pale alipozaliwa, na mikono iliyopo pale, au hatasaidiwa kabisa. Kwa hiyo zahanati ndogo kuliko zote, yenye mkunga mmoja na taa moja, ndiyo inayohitaji mfuko wa hewa kuliko hospitali kubwa.

Liko na neno la pili linalofunga mlango kama mfu: njiti. Mara ngapi tumesikia watu wakisema, ni njiti, hatapona? Mlima wetu una baridi. Usiku wa Juni na Julai hapo Litembo hata mtu mzima hutafuta blanketi la pili. Mtoto mdogo hana mafuta mwilini ya kumtia joto, hupoa upesi, na akipoa hushindwa kupumua na kunyonya. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, madaktari waliokosa mitambo ya kutosha ya joto waliwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mtoto angojee kwanza mpaka atengemae, ndipo awekwe kifuani. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano, za Ghana, Bara Hindi, Nigeria, Tanzania na jirani zetu Malawi, kwa watoto wenye uzito wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja, walikufa 12.0 katika kila 100. Waliongojeshwa walikufa 15.7. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu faida ilikwisha kuonekana wazi. Kifua cha mama hakihitaji umeme, wala hakiharibiki vipuri. Na mama akiwa mgonjwa, bibi aweza kumweka mtoto kifuani, hata baba pia.

Nakuja kwenye shauri langu, maana hotuba isiyo na shauri ni kama jembe lisilo na mpini. Watumishi tulio hapa wengi wetu si waganga. Tutafanya nini?

Makarani wenzangu, tusinakili kama niliyonakili mimi. Tukikuta mfu, tuitazame safu ya mapigo ya moyo. Ikiwa tupu, tuirudishe karatasi kwa adabu na kuuliza: Je, moyo ulisikilizwa? Ngozi ilikuwaje? Alipewa hewa? Swali likiulizwa mara kwa mara, mkunga atayasikiliza mapigo kabla hatujauliza. Lakini tuulize kama ndugu, si kama askari. Serikali ilitoa mwongozo mwaka 2015 wa kufuatilia na kuchunguza vifo vya wazazi na vya watoto wachanga, na nia yake ni kujifunza, si kutafuta wa kuadhibu. Mkunga akiona kwamba neno hai likifuatwa na neno amekufa litamletea barua ya kujieleza, na neno mfu halitamletea kitu, mnadhani saa nane ya usiku, peke yake na amechoka, ataandika lipi? Tukiitaka kweli, tumwondolee hofu ya kuiandika.

Ninyi wa ghala na wa hesabu, mfuko wa hewa na kifuniko chake vihesabiwe kila mwezi kama tunavyohesabu mafuta ya gari. Si kuhesabu katika kabati. Ni kuhesabu juu ya meza ya kuzalia, vikiwa safi na vizima, kifuniko cha mtoto mkubwa na cha mtoto mdogo. Ninyi mnaopanga mafunzo, mkumbuke Haydom: heri dakika chache kila juma kuliko siku nzima kila mwaka. Ninyi walimu na watendaji wa vijiji, wahimizeni wazazi wa ng'ambo ya bonde na wa vijiji vya ufukweni wasogee karibu na kituo kabla ya siku zao, wasingoje uchungu uwakute na mwera.

Nasi akina baba, sote, tuna neno letu. Katika jamaa nyingi mtoto aliyekufa akizaliwa huzikwa kimya kimya na wanawake, na baba huambiwa tu, akarudi shambani. Mama huambiwa asilie, atapata mwingine. Kwa hiyo hapana anayemwuliza mama aliona nini au alisikia nini. Dada yangu alikaa na habari yake miaka mingi kwa sababu hapana mtu aliyemwuliza, hata mimi kaka yake niliyekuwa nimelishika daftari mkononi.

Wamatengo katika sisi wanajua kazi ya ngolo. Shamba zima la mlimani ni mashimo na matuta yaliyoshikana, na kila tuta hulinda lililo chini yake. Mvua kubwa haiharibu shamba kwa ukubwa wake. Huliharibu kwa kupita pale tuta moja lilipobomoka, kisha udongo wote hufuata. Kazi ya kuwalinda wazazi na watoto ni kama hiyo. Tuta la mganga, la mkunga, la mwenye ghala, la dereva na la karani yote ni shamba moja. Letu sisi makarani ni dogo, ni mstari mmoja wa wino, lakini nimewaonyesha jinsi maji yanavyoweza kupita hapo.

Daftari lile la zamani bila shaka limewekwa mahali, nami sina ruhusa ya kufuta neno lililokwisha kuandikwa. Lakini nilipomsomea dada yangu hotuba hii kabla ya kuja, nikamwuliza kama naweza kuwasimulia habari zake, alijibu, "Waambie, Kaka. Waambie alitweta."

Basi nimewaambia. Niko tayari kwa maswali, hasa kutoka kwa mabibi wakunga walio hapa, ambao wajua haya kuliko mimi, na ambao nawaomba wanisahihishe nilipokosea.